Nilivyokubali Kwamba Nimembemenda Mwanangu

Kama gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa changu, lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, hujapoteza mengi. Niliolewa na Severini, fundi ujenzi. Tukapanga nyumba mtaa wa Shanwe. Nikapata mimba. Mama yake akaja kutoka Magamba kunilinda, na alinilinda zaidi na chakula.

Mayai alikataza, maana mtoto angezaliwa na kipara. Maini alikataza, sababu hakuisema. Vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki alisema vinamnenepesha mtoto tumboni, halafu wanakupasua. Nikawa nakula ugali wa muhogo kwa mlenda, na udongo wa sokoni, ambao hakuukataza.

Nilijifungua salama, ila damu yangu ilikuwa kidogo, wakaniongezea ya watu wengine. Elia akazaliwa na kipara.

"Hukuiba yai wewe?" Mama mkwe aliniuliza pale wodini.

"Sikuiba, Mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akamtazama mtoto kichwani muda mrefu, kisha akamvika kofia.

Severini alikaa nyumbani mpaka kitovu kilipodondoka, halafu akaitwa Mpimbwe kujenga ghala la mpunga. Nikabaki na Mama na Elia.

Baadhi yenu mmetuma ujumbe kuuliza kama nilifurahi kupata mtoto. Nitajibu kwa utaratibu. Nilijua kwamba nimefurahi. Nilijua kama ninavyojua kwamba kuna bahari. Sijawahi kufika.

Elia alipolia nilimsikia kama redio ya jirani. Nilingoja jirani aizime. Baadaye nilikumbuka kwamba jirani ni mimi.

Sikulia. Mama alisema hilo ni jambo zuri, mzazi asiyelia ana moyo mgumu na nyumba yake itasimama. Chakula kilikuja, nikakitazama, kikarudi. Wageni waliokuja kumwona mtoto walikula kwa niaba yangu. Usingizi ulikuja wakati Elia ameamka, na Elia alipolala usingizi nao ulikwenda kulala kwake. Maziwa yakapungua. Elia akanyonya upepo na kukasirika.

Mimi ni fundi cherehani. Nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua magauni ya mtumba na kuyashona upya mpaka nikaelewa yalivyoshikana. Siku moja asubuhi nilikuwa nakata kitambaa, Elia amelala mkekani pembeni yangu. Likanijia wazo.

Lilikuwa wazo fupi na lilihusu mkasi. Lenyewe sitaliandika hapa.

Niliuweka mkasi chini. Nikaufunga kwenye kitambaa kile kile nilichokuwa nakata, nikaupeleka kwa Recho. Recho ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anakaanga mihogo mbele ya nyumba yake na ana maoni juu ya kila kitu.

"Nitunzie huu," nikamwambia.

"Wa nini mimi? Nikatie mihogo?"

"Kwangu unashika kutu."

"Kwako penye unyevu ni wapi, na mvua yenyewe tumeisahau?"

"Nitunzie tu, shoga."

Akaupokea. Nikarudi kwa mtoto, nikakaa mbali naye, karibu na mlango.

Jioni ya siku hiyo Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele.

"Yustina."

"Abee, Mama."

"Huyu mtoto hakui."

"Naona, Mama."

"Miguu imekuwa njiti. Kichwa kimebaki peke yake."

"Naona."

"Umembemenda?"

Kwa msomaji ambaye kwao hawana neno hili: mtoto anayenyonya akidhoofu bila sababu ya kuonekana, watu husema kabemendwa. Maana yake mzazi wake mmoja ametoka nje ya ndoa, akarudi na jasho la nje, akamshika nalo mtoto. Kosa ni la mkubwa, mwili unaokwisha ni wa mdogo.

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa hapana. Hapana ingetaka maelezo. Baada ya maelezo kungekuwa na kiapo, baada ya kiapo wangeitwa mashangazi, na mashangazi wanakaa wiki nzima. La pili lilikuwa neno moja lisilotaka msaada wa neno lingine. Nami nilikuwa nimechoka.

"Ndiyo," nikasema.

Mama akaacha kupepeta.

"Na nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Mpita njia."

"Hana jina?"

"Hakulitaja."

"Alipita saa ngapi, na mimi nimekaa hapa mlangoni toka umejifungua?"

"Ulikuwa umetoka."

Akafikiri. "Jumuiya," akasema. "Alhamisi, tulipokuwa tunasali kwa mama Bartolomeo."

"Nadhani ni Alhamisi."

"Unadhani."

Nilitegemea kofi. Badala yake niliona uso wake unalegea, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Simlaumu. Siku zote zile alikuwa anamwona mjukuu wake anakwisha, na hajui amshike wapi. Sasa alijua. Ugonjwa wenye jina una dawa.

Akampigia Severini simu. Alisema maneno machache: "Njoo nyumbani. Mtoto kabemendwa." Akakata, kwa sababu haamini kuongea sana kwenye simu. Kesho yake alfajiri akaondoka kwenda Magamba kuchimba mizizi.

Recho alingoja mpaka pikipiki ya Mama ipotee ndipo akaja. Mkasi wangu ulikuwa mkononi mwake, kwenye kitambaa chake.

"Nimeuangalia huu mkasi," akasema. "Hauna kutu. Una mafuta."

Nikamsogezea kigoda.

"Fundi kumpa mtu mkasi ni kama mimi nimpe mtu karai langu. Siku utakapoona nagawa karai, ujue naaga. Twende kliniki."

"Siumwi."

"Sijasema unaumwa. Nimesema twende. Mtoto si anapimwa uzito leo?"

Tukaenda. Elia alikuwa amepungua. Nesi aliyempima anaitwa Ernestine, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakunigombeza. Aliniambia nikae, akamwambia Recho amshike mtoto.

"Unalala, dada?"

"Kidogo."

"Unakula?"

"Chakula kipo."

"Sijauliza kama kipo."

Nikatazama ukutani. Kulikuwa na picha ya mama mjamzito na sahani mbele yake: yai, maini, maharage, dagaa, mchicha, papai. Vitu nilivyokatazwa vilikuwa vimepangwa vizuri mahali pamoja. Udongo haukuwepo.

"Kuna wakati unaogopa kubaki peke yako na mtoto?" nesi akauliza.

"Wakati mwingine."

"Unaogopa nini?"

"Sijui," nikasema. Nilijua.

Recho alikuwa anamtazama Elia, lakini masikio yalikuwa kwetu. Nesi hakunisukuma.

"Kuna ugonjwa unaitwa sonona," akasema. "Unawapata wanawake wengi baada ya kujifungua. Wewe damu yako tangu mimba iko chini, huli, hulali. Mwili ukichoka hivyo, akili nayo inachoka. Si laana na wala si uvivu, na unatibika. Keshokutwa daktari yupo. Uje na mtu wa nyumbani kwako, mwenye kauli. Mtoto apewe maziwa yako tu, asipewe kitu kingine. Na wewe dada," akamgeukia Recho, "mpaka keshokutwa usimwache peke yake na mtoto."

"Mihogo yangu nitaihamishia kwake," Recho akajibu. Na kweli aliihamishia. Siku ile nzima nyumba yangu ilinuka mafuta ya kukaangia, na wateja wake walipita sebuleni kwangu kama kwenye msiba.

Keshokutwa ilifika. Mama alikuwa amerudi tangu jana yake na fungu la mizizi, majogoo wawili waliofungwa miguu, na trei la mayai.

"Leo tuna safari ya kliniki," Recho akamwambia.

"Anayekunywa dawa havuki kizingiti," Mama akasema. "Mpaka dawa iishe, ninyanyue chungu."

"Lakini Mama, nesi amesema..."

"Nesi amemzaa mtoto huyu? Kaangia kwako, mama. Unanifukuzia dawa kwa moshi."

Recho akanitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Ningeweza kusema, lakini kusema kulikuwa mbali, kama dukani wakati huna viatu.

Sasa nieleze hiyo dawa. Mizizi inachemshwa na kuku mzima. Mwenye kosa anakunywa supu na kula nyama yote, asigawe, maana akigawa anagawa na kosa. Mtoto anaogeshwa maji ya mizizi na kulala na bibi. Kwa mama analetwa kunyonya tu, bibi amesimama pembeni.

"Na mayai haya?" nikauliza.

"Kula."

"Ulisema mayai ni mwiko."

"Mwiko wa mjamzito. Wewe sasa ni mzinzi. Kula."

Nilipokuwa sina kosa nilikula mlenda. Nilipokubali uzinzi nililetewa jogoo. Nikala, kwa sababu Mama alikaa mbele yangu na kuhesabu mifupa. Elia akalala chumba kingine. Nami nikalala, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, usingizi usio na masikio.

Mnajua kilichofuata. Maziwa yakarudi. Elia akashiba, akaacha kukasirika, mashavu yakaanza kujaa. Mama akawa anambeba mpaka barabarani kuwaonyesha watu.

"Mnaona?" alikuwa anawauliza. "Mkwe wangu alikiri, nikampa dawa. Mnaona mtoto?"

Waliona. Kila Elia alipoongeza mwili, aliongeza ushahidi dhidi yangu. Wanawake wa jumuiya waliacha kunisalimia, halafu wakaanza kunisalimia kwa huruma, jambo ambalo ni gumu zaidi kulijibu.

Nguvu zilinirudia, sitakataa. Lakini lile wazo halikula kuku. Lilikaa pale pale, kimya, kama mgeni aliyeambiwa asubiri mwenye nyumba. Mama alipomleta Elia kunyonya, mikono yangu ilitetemeka mpaka alipomchukua tena. Alidhani ni aibu.

Ruhusa ya kazini ilimchelewesha Severini karibu wiki mbili. Alifika adhuhuri, na vumbi la Mpimbwe mpaka kwenye kope. Hakutusalimia. Alitua begi, akaenda moja kwa moja mbele ya mama yake aliyekuwa jikoni, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Ilikuwa mara moja tu."

Mama alikuwa na mwiko mkononi. "Mara moja nini?"

"Yule mama ntilie wa pale saiti. Najua ni fundi mwenzangu Stanslaus aliyewaambia. Lakini ilikuwa mara moja, na nilikuwa nimekunywa."

Chungu kikabaki kinachemka peke yake.

"Hatujaambiwa na mtu," nikasema.

Severini akanigeukia, magoti bado chini. "Sasa mlijuaje?"

"Hatukujua."

Akamtazama mama yake. "Si ulipiga simu ukasema mtoto kabemendwa?"

"Na mke wako," Mama akasema. "Amekiri mwenyewe."

Severini akasimama polepole, akajifuta magoti.

"Mke wangu na nani?"

"Mpita njia."

"Mpita njia gani?"

"Wa Alhamisi," Mama akasema.

Nilijua kwamba pale nilipaswa kuumia. Mume wangu alikuwa amesema mbele yangu kwamba alilala na mwanamke mwingine wakati mimi silali wala sili. Nilijitafuta mahali pa maumivu kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka, nikipapasa kwa utaratibu, kona hadi kona. Sikuipata. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yeye na mama ntilie wake.

Severini naye alikuwa anatafuta hasira. Lakini mtu aliyekwisha kupiga magoti hasira inamchelewa. Akakaa kwenye kigoda, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Mama ndiye aliyekuwa na akili zote. Akaepua chungu, akamwaga dawa yote nyuma ya choo.

"Niliyopika ni ya mtu mmoja," akasema. "Kumbe nyie ni wawili. Mtoto hawezi kukaa kwenye nyumba ya watu wawili wa namna hii. Naondoka naye Magamba mpaka atembee."

"Atanyonya nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Recho, kutoka upande wa pili wa ukuta. Ukuta wetu ni mwembamba.

"Uji," Mama akajibu ukuta. "Na maziwa ya ng'ombe. Huyu hapa Severini alikunywa uji kabla hajaota jino."

"Tunaona matokeo," ukuta ukasema.

Mama hakujibu tena. Akafunga nguo za Elia kwenye kitenge, akamweka mgongoni, akamtuma Severini aite boda. Severini akaenda. Alikuwa anafurahi kutumwa.

Nami nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu nimeamua kuandika kila kitu. Nilimwona mwanangu mgongoni kwa bibi yake, miguu imetokeza pembeni, nikahisi mzigo unashuka. Akienda, mikono yangu haitatetemeka. Mkasi wangu utarudi nyumbani. Nitashona.

Pikipiki ikafika. Mama akatoka, mimi nikamfuata hadi mlangoni, na pale kwenye kizingiti ambacho sikuruhusiwa kuvuka, Elia akaanza kulia. Blauzi yangu ikalowa. Maziwa yalitoka yenyewe, bila kuniuliza nina maoni gani.

Nikasimama na blauzi mbichi, nikapanga mambo kama ninavyopanga vipande vya gauni kabla ya kushona. Elia akibaki, hatari ni mimi. Elia akienda, hatari ni uji, kwa tumbo la miezi miwili. Kwangu mimi kuna daktari niliyeambiwa niende kwake. Uji hauna daktari.

Nikavuka kizingiti.

"Mama. Hapakuwa na mpita njia."

Mama alikuwa ameshika bega la dereva, mguu mmoja juu ya kikanyagio. Akaushusha.

"Ulikiri."

"Nilikuwa nimechoka."

"Mtu anakiri uzinzi kwa kuchoka?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mtoto aliponaje, kama hukufanya?"

"Nilikula. Nikalala. Maziwa yakaja."

"Kwa hiyo ni mimi peke yangu?" Severini akauliza kutoka nyuma.

"Nyamaza," Mama akamwambia, bila kugeuka. Kisha kwangu: "Mwanamke mzima na akili zake hawezi kujipaka kinyesi asichokinya. Kwa nini usiseme hapana?"

"Kwa sababu naumwa. Nesi amesema inaitwa sonona."

"Inauma wapi?"

Recho alikuwa ametoka, amesimama kando ya karai lake. Dereva wa boda, kijana wa watu, alikuwa anachezea vioo vya pikipiki kama havionyeshi vizuri. Severini alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata nesi. Nikaona nikimwambia Mama peke yake itabidi niwarudie wengine, na nguvu za kurudia sina. Nikasema mara moja kwa wote.

Nilisema wazo la mkasi. Nilisema lote, lilivyokuja na linavyokuja, na kwamba silitaki, na kwamba ndiyo maana nakaa karibu na mlango.

Hakuna aliyepiga kelele. Recho akazima jiko lake. Mkono wa Mama ukaenda nyuma taratibu, ukashika makalio ya Elia juu ya mbeleko, ukabaki hapo.

"Bora ungekuwa malaya," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anataja bei ya mchele. "Umalaya nina dawa yake. Hili sina."

"Najua, Mama."

Akageuka, akapanda pikipiki. Nikatazama chini, nisione wakiondoka.

Haikuondoka.

Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesogea mbele mpaka kifua chake kinagusa mgongo wa dereva. Nyuma yake palikuwa na nafasi. Elia hakuwa amehamishiwa kifuani. Alikuwa mgongoni kwake bado, na uso wake umegeukia pembeni, karibu na mahali ambapo mtu wa tatu angekaa.

"Panda," Mama akasema.

"Mama, huo utakuwa mshikaki," dereva akasema. "Trafiki wako pale mbele."

"Panda, Yustina."

Nikapanda. Elia akabaki katikati yetu, pumzi yake kwenye shingo yangu, mikono yangu nimeiweka juu ya mapaja yangu ambapo kila mtu angeweza kuiona.

"Tunaenda Magamba, Mama, au kliniki?" dereva akauliza.

"Washa kwanza," Mama akasema.